Ombi la Kusajiliwa Mimi Badala ya Mdogo Wangu Aliyepotewa na Maneno

Kwako Ndugu Mratibu wa Usajili wa Washiriki,
Utafiti wa Tiba ya Usemi kwa Waliopata Kiharusi.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya na, la muhimu zaidi, unaongea vizuri, maana usipoongea hata ofisi yako mwenyewe haitakupokea.

Mimi ni dada mkubwa wa kinyozi ambaye wateja wake walimwita Redio. Wapo waliokuja kwake asubuhi kunyoa ndevu, wakaondoka zimeshaanza kuota tena kwa sababu kisa kilikuwa hakijaisha. Miezi saba iliyopita, mashine ya kunyolea ikiwa mkononi, alipigwa na kiharusi. Mguu umerudi, mkono wa kulia umerudi nusu, maneno hayajarudi. Akili anayo. Anacheka panapochekesha na anakasirika panapostahili, ila neno analolitafuta haliji, au linakuja jingine lisilohusika kabisa. Nanyi mmetangaza kwamba mnatafuta watu wa namna hiyo hiyo ili mjaribu tiba mpya kwa wiki kumi na mbili. Daktari wake anasema hajui nafasi nyingine iliyo karibu. Usajili unafungwa Ijumaa, na mdogo wangu mmemkataa.

Nimeumia, Ndugu Mratibu, na mimi nikiumia huandika. Nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka thelathini na moja. Mabosi wanne walipita mikononi mwangu. Wao walianza sentensi, mimi nikazimalizia, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kwa hiyo malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba.

1. Tangazo lenu. Limebandikwa ukutani kwenye korido ya kliniki, juu ya kizima moto, aya nne za herufi ndogo kama punje za mtama. Linauliza: je, umepoteza uwezo wa kuzungumza, kusoma au kuandika? Kisha linamtaka msomaji, yaani huyo asiyeweza kusoma, apige simu yeye mwenyewe, si ndugu yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tukainama. Nilibonyeza namba nikamwekea simu sikioni. Sauti ya mashine ikamwomba ataje jina lake kamili baada ya mlio. Mdogo wangu akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Sauti ikasema haikusikia jibu, ikamshukuru kwa kupiga, ikakata. Tulirudia mara sita. Nakiri ya saba nilikohoa na kujitambulisha kwa jina lake kwa sauti nzito, ndipo tukapewa siku ya kufika.

2. Fomu. Ina kurasa kumi na nne. Ukurasa wa pili umeandikwa "Eleza tatizo lako kwa maneno yako mwenyewe." Nilimwuliza yule kijana wa mapokezi, kwa heshima zote, kwamba ikiwa mgonjwa angekuwa na maneno yake mwenyewe, tungefuata nini pale? Akanijibu kwamba utaratibu ndivyo ulivyo. Nikaijaza mimi. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, na nasikia ulisifiwa.

3. Mtihani. Hapa naomba mnivumilie. Mtahini wenu alimwonyesha picha ya kitana, akamtaka akitaje. Mtu aliyeshika vitana miaka ishirini! Akasema "Jumapili." Akajua amekosea, akaichukua ile picha na kuanza kumchana nayo mtahini kichwani, taratibu, kuanzia kisogoni, kama fundi. Mtahini akaandika: hatambui kitana. Mimi niliyekuwa nimekaa ubavuni pake nilijitahidi kumsaidia. Kila alipokwama nilimnong'oneza, na aliponyamaza muda mrefu nilijibu kabisa, kwa sababu haipendezi kumkalisha mtu na kazi zake akisubiri. Mwishowe akapata alama nne kati ya thelathini, tukaambiwa ni mgonjwa mno kwa utafiti huu.

4. Jirani yetu. Ni dereva mstaafu, naye kiharusi kilimchukulia maneno, ila salamu zilibaki. Alipofika kwenu alisema "Habari za asubuhi," basi, hilo tu, baada ya hapo ni mikono inayoongea. Mkamwambia yeye ni mzima mno. Nimekaa chini nikapiga hesabu: asiyeweza kusema hafai kwa sababu hasemi, anayesema salamu hafai kwa sababu anasema. Anayetakiwa ni bubu mwenye hotuba. Mkimpata naomba mnijulishe, nije nimwone kwa macho yangu.

5. Ridhaa. Nilijitolea kutia saini kwa niaba yake. Nikaambiwa kwamba Kamati ya Maadili inataka mgonjwa aelewe mwenyewe na akubali mwenyewe. Maneno matamu hayo. Ningependa wanakamati wajue kwamba kwa miezi saba mimi ndiye ninayemjibia kila kitu: kwa daktari, kwa wageni, kwa fundi anayemshonea suruali. Nachagua atakachokula, atakachovaa na saa ya kulala. Mgonjwa haulizwi uji. Na katika miezi yote hiyo hajawahi kunipinga kwa neno hata moja.

6. Hivyo basi, baada ya kutafakari kwa kina, naleta ombi langu rasmi: mnisajili mimi.

Tafadhali msicheke, nina sifa zote. Naongea, nasoma na nafuata saa. Namba ya simu naipiga mwenyewe na jina langu nalitaja kabla hata ya mlio. Fomu nitazijaza kwa maneno yangu mwenyewe, na yakizidi nafasi nitaambatisha karatasi. Nionyesheni kitana, nitasema kitana. Faida kwenu ni kubwa zaidi: baada ya wiki kumi na mbili mtanipima na kukuta naongea bila shida yoyote, na tiba yenu itakuwa imefaulu kwa asilimia mia moja, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa wagonjwa wenyewe. Kundi linalosubiri bila tiba likipungukiwa na mtu, hamisheni jina langu huko. Kusubiri nimeshakufanyia mazoezi kwenye benchi lenu lenye miguu mitatu. Mkihitaji washiriki wengi nina shangazi wawili na binamu mmoja mwanasheria, ambao mkiwafungulia mdomo kuwanyamazisha itakuwa utafiti mwingine.

Na mdogo wangu? Yeye nitamweleza tukirudi nyumbani. Kila mtakachonifundisha nitamwambia, na yeye atakaa asikilize, kama kawaida yake.

Nakuomba ulifikishe ombi hili kabla ya Ijumaa. Nisalimie kijana wa mapokezi na utaratibu wake. Nisalimie mlinzi wa getini, ambaye ndiye mtu pekee pale aliyemshika mdogo wangu mkono akamwuliza habari na kungoja. Salamu pia kwa wanakamati wote mmoja mmoja. Waambie nawatakia vikao vyema, na kwamba wasipopata malalamiko ya wagonjwa wasishangae sana.

Wako katika subira,
Dada yake mkubwa,
Katibu Muhtasi (mstaafu).

Tanbihi: Barua hii niliipiga chapa Jumatatu. Leo Jumatano, kabla sijaituma, amekuja nyumbani mtaalamu wenu wa tiba ya usemi, binti mdogo mwenye begi la kadi za picha. Alisema amepitia mafaili ya waliokataliwa na anataka kumpima mdogo wangu upya. Kisha akaniomba nitoke chumbani. Nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango, siwezi kuficha. Anauliza jambo moja, kwa sentensi fupi, halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka mtu unaona aibu. Nikajibu mara tatu kupitia mlangoni. Ya tatu alitoka, akaniomba kwa adabu nikaanue nguo, na kambani hakukuwa na nguo.

Baada ya dakika arobaini aliniita. Amepata alama kumi na saba. Mtihani ni ule ule, kiti kilichopungua ni changu. Ameelezwa utafiti kwa picha, ameuliza maswali mawili kwa kuchora, ameelewa, na ametia saini mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Panapohitajika mtu wa kumsindikiza kliniki amemchagua yule dereva mstaafu. Binti alipomwonyesha kadi yenye picha ya dada, aliirudisha mezani kwa upole, kifudifudi.

Kwa hiyo naomba mzipuuze namba zote sita, na ile ya tano mniwekee mbali na Kamati. Alipoondoka yule binti, niliketi nikamwuliza mdogo wangu anataka nini, kisha nikajaribu kufunga mdomo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Nilimwona akilitafuta neno, likamponyoka, likamponyoka tena, na mimi nilikuwa na majibu kumi tayari ulimini. Mwisho akasema, "Dirisha." Nililifunga siku tuliyotoka hospitali, upepo usimdhuru, na tangu hapo nilikuwa nikimwambia kila mgeni kwamba yeye mwenyewe hapendi baridi. Nimelifungua.