Viatu vya Mzee Zahran

Mazin alikuwa barazani Mji Mkongwe akingoja mtu amnunulie kahawa, aliposikia kisa cha viatu kwa mara ya nne tangu Ijumaa. Mzee Zahran, mwenye ghala la viatu Darajani, alikuwa akiwasimulia wenzake alivyowagawia viatu vya skuli watoto maskini wa Kizimbani, miaka ishirini iliyopita.

"Sadaka ile inaishi mpaka leo," alisema. "Wale watoto sasa ni watu."

"Umepata kumwona hata mmoja?" mtu akauliza.

Mzee akanywa kahawa.

Mazin alizaliwa Kiembe Samaki, na Kizimbani alifika mara moja tu, kwenye mazishi. Lakini hakuwa mtu wa kuacha swali zuri lipotee bila jibu. Akasimama, akaubusu mkono wa mzee.

"Shikamoo, ami. Mmoja wao ndiye mimi."

"Marahaba," mzee akasema polepole.

"Nilikuwa nakwenda skuli pekupeku." Sauti ikamtetemeka panapotakiwa. "Nikavivaa viatu vyako miaka miwili, mvua na jua. Havikunibana hata siku moja."

"Hata siku moja?" Mzee akamtazama miguu, kisha uso. Alimtazama sana.

"Kama nimevaa hewa, ami."

Baraza zima likaguna kwa ridhaa. Kabla ya adhana ya alasiri mzee alishaamua kutoa tena: maboksi sitini, kwa watoto wa kijiji kile kile, na wa kuyapeleka si mwingine ila kijana mwenye shukrani. Mazin naye alishamjua mtu wa kumuuzia.

"Ila watu wameharibika, mwanangu," mzee akasema. "Niachie pikipiki yako, ile Vespa. Siku mwalimu mkuu akinipigia simu kuwa watoto wote wamevaa, uje uichukue."

Vespa ile aliirithi kwa babake, na ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Mazin akaiacha huku akicheka moyoni.

Mnunuzi wa Darajani akafungua boksi la kwanza, akafungua la pili, akafika la kumi. Kila boksi lilikuwa na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto.

"Ndugu yangu," akasema, "wateja wangu wana na mguu wa kulia."

Mazin akarudi ghalani mbio. Mzee hakuinuka kitini.

"Kontena la Dubai, lile lile la miaka ile. Nililinunua bila kulifungua, nami nikaona haya kusema. Lakini wewe umevivaa miaka miwili. Twende barazani ukawaambie vilikubana."

Nyuma yake Vespa ilikuwa imefunikwa turubai vizuri.

Yule mnunuzi ndiye aliyemwelekeza kwa Bi Wanu, fundi viatu nyuma ya soko la Darajani. Bi Wanu akakigeuza kiatu mkononi, akatabasamu.

"Mimi wa Kizimbani. Nilipewa hivi nikiwa na miaka tisa. Wenzangu walivitupa. Mimi sikuwa na vingine, nikakifumua kimoja nione kinavyoshonwa, nikakishona upya kiwe cha kulia. Kilikuwa kibaya kama chura, lakini nilikwenda nacho skuli. Tangu siku hiyo sijaweka sindano chini."

"Basi sadaka ya mzee imezaa," Mazin akasema kwa huzuni.

"Usimwambie, atatuchosha. Lete boksi. Kimoja tunakiacha, kimoja tunakifumua."

"Pesa sina, Bi Wanu."

"Nani kakutajia pesa? Kaa chini, shika uzi."

Alikaa wiki tatu. Alijichoma vidole mpaka akaacha kuhisi, na akatukanwa kila mshono uliokwenda upande. Kisha yeye na Bi Wanu wakapeleka maboksi Kizimbani, na mwalimu mkuu akapiga simu.

Mazin alipofika barazani, kisa cha maboksi sitini kilishaanza bila yeye.

"Ee, mwanangu," mzee akasema mbele ya wote. "Vimewabana?"

Mazin akavitazama vidole vyake vilivyofungwa vitambaa.

"Hata mmoja, ami," akasema, na kwa mara ya kwanza barazani pale alikuwa anasema kweli.

Akapewa ufunguo. Vespa haikuwaka, mzee alikuwa ameitembelea wiki tatu mpaka petroli ikakauka. Mazin akaanza kuisukuma kuelekea Darajani, maana Bi Wanu alimwambia kuna mikoba ya kushona, na asichelewe.