Drili Yenye Namba Kubwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa fundi. Nimemwambia mke wangu asubuhi, akauliza fundi wa nini. Nikasema wa kutoboa. Rafu, mapazia, vioo, chochote kinachotaka tundu. Akaendelea kuchambua mchele.

Sababu ni Shangazi. Nyumba yake ya kupangisha imekwisha kujengwa, na kila chumba kinataka rafu mbili na chuma cha pazia. Jumamosi atanipa chumba kimoja cha majaribio. Cha pili atampa Waya. Atakayemridhisha atachukua vyumba vyote vilivyobaki. Nikiikosa kazi hii, mke wangu ameshasema, nitakwenda kubeba magunia kwenye ghala la kaka yake. Kaka yake! Yule anayenisalimia kwa kunitazama viatu!

Waya ni fundi wa mtaa wa pili. Jina amelipata kwa ule waya mrefu wa umeme anaotembea nao begani. Drili yake ni ya kuchomeka, kuukuu, imezungushwa utepe mweusi. Maskini. Mimi nitanunua ya betri.

Fedha ni kidogo. Lakini akili ni mali.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umekaa vizuri. Mnunuzi ana haki ya kujaribu bidhaa, au siyo? Basi nimechukua mbao za rafu za Shangazi, nimezipima, nimechora alama za penseli, nimezibeba madukani. Duka la kwanza wamenitobolea ubao mmoja. Nikasema drili nzito. Duka la pili wamenitobolea mwingine. Nikasema ina kelele. Kazi inakwenda na sijatoa hata senti!

Duka la tatu kuna dada mwenye miwani. Ametoboa tundu moja, akaziangalia alama zangu, akasema kwamba, kwa mtu anayejaribu tu, nimepima vizuri mno. Drili ikarudi kabatini.

Hata hivyo hakunifukuza. Amesema anayeanza asibabaishwe na namba ya volti. Ukuta wa saruji unataka drili inayogonga huku inazunguka. Inayozunguka tu ni ya mbao. Nitafute yenye betri mbili, moja ikiwa kazini nyingine iwe kwenye chaja. Na kila kampuni ina betri yake, haziingiliani, kwa hiyo nichague kampuni moja nikae nayo.

Maneno mengi. Nimeshika neno volti.

Jumatano, 5 Machi

Drili ya yule dada ni ndogo, ina volti kumi na nane na bei ya kunitoa kijasho. Ameshauri niongeze akiba, au kwa Jumamosi nikodi. Nikodi! Fundi hakodi.

Kando ya barabara nimemkuta jamaa ametandaza turubai. Drili nyekundu. Imeandikwa mia moja ishirini na nane! Bei nusu. Sanduku gumu, na biti tele, vile vyuma vya kutobolea, za rangi ya dhahabu. Hesabu haidanganyi: hii inazishinda saba za yule dada.

Sanduku lina nafasi mbili za betri. Moja ina betri, nyingine ina sponji. Nimeuliza. Jamaa akasema sponji inazuia mtikisiko. Nikauliza kama drili inagonga. Akasema itagonga nikiisukuma. Nimeridhika, nimelipa.

Mke wangu amesema mchagua nazi hupata koroma. Nimemwambia hii si nazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechaji. Chaja inapata moto. Nimeiweka juu ya sahani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mazoezi. Nimetoboa mpini wa ufagio ili utundikwe. Nimetoboa miiko yote. Nimetoboa kigoda, sijui kwa nini. Majirani wakaja kutazama, nao nikawatobolea vyao. Drili ina taa ya buluu mbele. Watoto wamepiga makofi.

Waya alikuwa anapita, akaomba kuishika. Akasema ni nyepesi. Akauliza betri ya pili iko wapi. Nikamwonyesha sponji na kumweleza kazi yake. Akanirudishia drili. Wivu ni kitu kibaya.

Jioni kitaa cha betri kimekuwa chekundu. Kinapendeza, kinalingana na drili.

Jumamosi, 8 Machi

Umeme umekatika tangu alfajiri! Mungu hamtupi mja wake. Nimemkuta Waya kwa Shangazi amekalia waya wake. Nimemwambia kwa sauti, Shangazi asikie, kwamba zama za waya zimepita. Akasema labda.

Nimeingia chumbani. Shangazi amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Nimewasha taa ya buluu. Nimesukuma. Drili imepiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Nikasukuma zaidi. Biti ya dhahabu imekuwa nyeusi, kisha imepinda. Ukutani kuna kidoa cha ukubwa wa punje ya dengu. Kisha drili ikanyamaza kabisa. Hata taa.

Nikasema tuanze na rafu. Kumbe kila duka lilitumia biti ya unene wake. Kwenye ubao mmoja skrubu haiingii. Kwenye mwingine imeingia, ikapita, ikaanguka chini pamoja na kichwa chake. Shangazi ameiokota akanikabidhi.

Kutoka chumba cha pili nilisikia ko, ko, ko. Waya ametoa tindo na nyundo, anatoboa kwa mkono. Umeme uliporudi alikuwa anapachika pazia. Alikuja akanipa nyundo. Niliona haya kuipokea. Nimeipokea.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi ameita kikao. Kazi ni ya Waya. Kuhusu mimi amesema mchagua jembe si mkulima. Nikajitetea kwamba jembe halina betri. Akaniambia ninywe chai.

Nimeumia. Nililitaka jambo hili kweli. Mke wangu hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ametundika ufagio ukutani.

Jioni Waya amepiga hodi. Vyumba ni vingi, anataka msaidizi. Ameziona alama zangu za penseli, hazijapinda hata moja. Nitapima, nitachora, nitabeba waya. Atanilipa kila siku. Ghala la shemeji limeniponyoka!

Jumatatu, 10 Machi

Nimepima vyumba vitatu, sijakosea. Waya amenisifu mbele ya Shangazi. Waya mrefu ni mzito kuliko unavyoonekana.

Nimejifunza mengi wiki hii. La kwanza: tatizo halikuwa drili, lilikuwa mbao. Fundi anahitaji msumeno.

Baada ya kazi nimekwenda kwa dada mwenye miwani. Ana msumeno wa betri, wa buluu, bei ya kutupa. Akasema ni rahisi kwa sababu unauzwa mtupu, bila betri wala chaja. Nimecheka kwa furaha. Betri si ninayo! Akaanza kuuliza ni ya kampuni gani. Nimemwambia asijisumbue, ni ya mia moja ishirini na nane.

Ameniomba niilete kwanza tuijaribu. Nimekataa. Nimemwachia malipo yangu ya leo kama rubuni ya kuushikilia msumeno, usije ukauzwa kwa Waya.