Hotuba Yangu Mdomoni mwa Mama Pacha

Jumatatu, 5 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu hili: ofisini kwa shangazi, wakili bora ni mimi. Bado niko shule, ndiyo. Na mbele ya watu sauti hunikauka. Lakini wengine! Shangazi ametetea wakimbizi miaka yote hii na bado anaandika kama mtu anayeagiza mkaa. Karani wake, ambaye kwangu ni Stepla, kazi yake ni kubana karatasi na kunibana mimi. Likizo yangu inaliwa na mashine ya kutoa nakala!

Alhamisi inasikilizwa rufaa ya Mama Pacha. Akishindwa, yeye na mapacha wake wanarudishwa kule walikochomewa nyumba. Nimesoma maelezo yake. Hakuna hata tashbihi moja. Hakimu atasinzia. Mpango umezaliwa.

Jumanne, 6 Agosti

Shangazi alikuwa mahakamani. Nilimpelekea Mama Pacha chai pale kwenye benchi la kungojea, na chini ya kisahani nikamwekea hotuba. Kazi yangu mwenyewe: "Nilisimama katika kitovu cha dhuluma, machozi yakinitiririka mithili ya maporomoko." Akauliza kama shangazi anajua. Nikasema haya ni mambo ya ofisi, mama. (Si uongo. Tulikuwa ofisini.) Akasema siku ile hakulia, hakukuwa na nafasi. Watu wengine hawana kipaji kabisa! Akakariri hivyo hivyo, midomo ikimcheza. Stepla akachungulia, akauliza kama tunasali. Mjinga.

Alhamisi, 8 Agosti

Balaa! Alianza vizuri. Kwenye maporomoko hakimu aliinua kichwa. Kanaswa, nikajua. Kumbe wakili wa serikali, mwanamume mwenye shingo ya kobe, akasimama kuuliza hicho kitovu cha dhuluma kiko mtaa gani. Mama Pacha akajibu: "Sijui, baba. Muulize yule mtoto kule nyuma, ndiye aliyekileta."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Hakimu akauliza kama ushahidi wote ni wa kufundishwa. Shangazi rangi ikamtoka. Akaomba mama aruhusiwe kusema kwa maneno yake. Mama Pacha akasema: "Walichoma nyumba. Nikabeba wawili. Mama yangu miguu haikuwa ya kukimbia. Nikamwacha mlangoni."

Basi. Hata Shingo ya Kobe aliketi. Kwangu mimi, fupi mno. Aya ya tatu aliisahau yote!

Ijumaa, 9 Agosti

Rufaa imekubaliwa. Wanabaki! Mama Pacha alimkumbatia shangazi. Mimi alinipiga kofi la kisogoni, nadhani la shukrani. Shangazi akaniambia, kwa ile sauti yake ya chini: "Wewe mtoto wa kaka yangu, msogelee tena mteja wangu uone. Utamaliza likizo ukisugua choo." Wivu wa kitaaluma huo. Nani alimwamsha hakimu?

Jioni alitoka mteja mpya, mzee fundi wa saa. Kesi yake ni Jumanne. Nilimfuata hadi getini, nikampa kurasa tano, nikamwambia akariri zote na alie kwenye ukurasa wa pili.