Meno ya Panya wa Huruma

Ijumaa, 2 Agosti 1996

Millicent amekuja nyumbani na mkebe wa mchanga. Nikadhani ni wa kusugulia sufuria. Nusura niumwage! Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Umetoka kwenye shimo huko bondeni walikoishi watu wa kale, na ndani mna meno ya panya, madogo kuliko mtama. Anayachambua kwa brashi na lenzi. Ofisini stima imepotea, kwa hivyo Daktari Nyamai (wa mifupa, si wa sindano) amewaruhusu vibarua wake wawili wachambulie nyumbani wikendi hii. Wiki ijayo anaajiri mmoja. Mmoja tu! Yule mwingine ni Wanyoike, mtoto wa Mama Wanyoike wa orofa ya juu yetu.

Nimeuliza meno ya panya yanasaidia nini. Millicent akasema yanaonyesha umri wa mahali. Ati panya hawakawii kubadilika, kila zama ina meno yake. Tena wa nyasini ana meno ya kusaga nyasi, wa msituni ana yake, kwa hivyo ukiyaona unajua kama palikuwa mbuga au miti. Nimeitikia kwa kichwa. Nimeelewa moja: kazi ni ya mwenye meno mengi.

Jumamosi, 3 Agosti

Mama Wanyoike amenisimamisha kwenye ngazi. Ati mwanawe ameshajaza kichupa. Ati, "Na wako, Mama Milli, amepata hata gego moja?" Akacheka mpaka leso ikamtoka begani. Nikamwambia sisi tunachagua, hatuzoi.

Lakini moyo wangu! Kichupa cha Millicent kina meno ya kuhurumiwa. Tangu amalize shule mtoto huyu amefulia watu, ameuza mitumba Gikomba, amerudi viatu vimekwisha soli. Kazi hii anaipenda. Akila anazungumza meno, akisuka nywele ni meno. Nikae tu nikiangalia?

Meno ya panya! Na tuko mtaa wa Huruma! Kwani hapa tumekosa nini?

Nimetega mitego jikoni. Chambo ni omena, dagaa wakavu.

Jumapili, 4 Agosti

Mavuno mazuri. Wanene!

Millicent alibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Mimi nikachemsha vichwa kwenye sufuria kuukuu. Harufu! Jirani yangu Jawahir akabisha, akauliza kama kuna mgonjwa. Nikasema ni matumbo. Akasema, "Mama Milli, wallahi, hayo usile."

Magego nimeyang'oa kwa pini. Meupe mno. Nikayaloweka kwenye chai ya rangi iliyokolea, yakatoka yamezeeka. Maelfu ya miaka kwa kikombe kimoja! Nikayachanganya na mchanga. Mchungaji leo alihubiri juu ya udanganyifu. Nimemwombea Mama Wanyoike.

Jioni Millicent aliketi dirishani na lenzi yake. Akatazama jino, akaligeuza, akalitazama tena. Hakushangilia. Labda ni furaha imembana.

Jumatatu, 5 Agosti

Mayi wee! Amerudi analia.

Ati yale meno ni ya panya wa dari. Ati huyo alikuja nchini kwetu na meli, juzijuzi tu ukilinganisha na umri wa lile shimo. Tukiyaamini, watu wa kale waliishi mwaka juzi! Daktari amesema mkebe umechafuliwa. Isipojulikana meno yaliingiaje, hata yale ya kweli yatatupwa, na Millicent aende nyumbani.

Uji umenishinda. Yeye hajui ni mimi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda mwenyewe ofisini kwao. Nimebeba sufuria, na vichwa vilivyobaki ndani kama ushahidi. Askari wa lango akafunua kifuniko, akaniruhusu kupita bila swali.

Nimemwambia Daktari yote. Panya wangu, pini yangu, chai yangu. Millicent hana kosa, nifungwe mimi. Daktari akatazama sufuria, akanitazama, akauliza chai iliachwa kwa muda gani. Kisha akasema jana asubuhi Millicent alimfuata kabla hata hajafungua mkebe. Alikuwa ameshayatenga meno yangu yote, moja moja. Mwingine angeyahesabu kuwa yake akanyamaza.

Ati, "Mama, jino usilojua limetoka wapi ni takataka. Limetoka wapi: hiyo ndiyo kazi yetu yote."

Nikasema ndiyo, Daktari. Ndiyo kabisa, Daktari. Nikaacha sufuria kwa woga.

Ijumaa, 9 Agosti

AMEAJIRIWA! Millicent wangu! Nimepanda ngazi nikiimba, polepole, mpaka orofa ya juu kabisa, halafu nikashuka.

Yeye anasema ni kwa sababu alisema kweli. Mtoto. Bila panya wangu angeonyeshea wapi ujuzi wake?

Tena Daktari ameleta ombi. Anahitaji mafuvu safi ya panya wa siku hizi, ya kulinganisha na ya kale, na ameona nachemsha vizuri. Kila fuvu liwe na kikaratasi: panya alinaswa wapi, na lini. Millicent amenikazia macho: kweli tupu, Mama. Yatakaa kabatini miaka na miaka, na wataalamu watatoka ng'ambo kuja kuyasoma.

Nimekaa nikawaza. Wataalamu! Wasome kwamba wanene wote hawa ni wa jikoni kwangu mimi Nasambu? Waseme Millicent katoka nyumba ya namna gani? Kazi ya mtoto wangu iharibikie hapo?

Nimechukua kalamu. Kwa herufi kubwa, kila kikaratasi: JIKONI KWA MAMA WANYOIKE, OROFA YA JUU.