Tiketi ya Bure Kizota

Mwaka 1994, ruhusa ya kila mtu kufanya biashara ilipokwisha kutufikia hata sisi wa Kizota, Cornel, mtu wa Dar es Salaam, alipita kwenye karakana, akasikia mafundi wanavyobishana mpira, akanusa riziki. Kesho yake alirudi amevaa tai. Akaweka meza, na juu yake muhuri wa kampuni aliouchonga mwenyewe kwa soli ya kandambili.

"Karibuni! Kila mteja mpya anapewa tiketi ya bure ya mia tano. Ukitabiri mshindi, mia tano ni yako. Ukikosea, umepoteza nini?"

"Sina cha kupoteza," alisema Damas, fundi wa kuchomelea. Akachukua ya bure, halafu akanunua mbili kwa fedha zake, maana utamu ulikwisha kumlegeza mkono.

Nyuma ya tiketi, kwa herufi ndogo kama chawa, paliandikwa: "Mshindi atalipwa baada ya kurudia tiketi mara tatu." Maana yake, kichwani mwa Cornel, ni ucheze tena mara tatu kwa fedha yako. Kufikia hapo ushindi wako ungekuwa umerudi mezani kwake, tena umefuatana na nauli yako.

Ndipo akaja Bi Anjelina, kiranja wa kisomo cha watu wazima. Karabai ya darasa ilikuwa imevunjika, na bila taa wenzake wangeacha shule wakiwa wamefika herufi ya M.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kila mpya anapata?"

"Kila mmoja!"

"Wangu wako ishirini na wanne."

Cornel aliona wajinga ishirini na wanne. Aligonga muhuri mpaka kandambili ikanuka. Kumi na wawili walitabiri timu ya Makutupora, kumi na wawili ya Gulwe, stesheni chache tu kutoka kwetu. Mechi ilikuwa ya kombe, lazima mmoja atoke. Makutupora wakashinda.

Jumatatu darasa zima lilifika.

"Hongereni," alisema Cornel. "Ila someni nyuma."

"Nimewasomea, ndiyo maana tumekuja wote," alisema Bi Anjelina. "Darasa! Haya!"

"Tiketi ya bure! Shilingi mia tano! Makutupora!" Wakarudia mara tatu, kwa sauti moja, kama mwalimu alivyowazoeza kurudia kila sentensi.

"Siyo kurudia hivyo!"

"Kuna kurudia kupi kwingine?"

"Kurudia ku... kucheza!"

"Neno hilo halipo. Damas, soma na wewe."

Damas akasoma, nyundo mkononi. Hakumtishia mtu, aliishika tu. Alipomaliza, mafundi wote walioshinda wakapanga foleni nyuma ya darasa, wakirudia.

Cornel akalipa mpaka mkoba ukabaki na muhuri.

"Mama," alisema kwa unyonge jioni ile, "nifikeje Dar es Salaam?"

Bi Anjelina, karabai mpya kwapani, akamkabidhi tiketi ya treni, daraja la tatu. "Ya bure, mwanangu."

Cornel alishukuru karibu alie. Treni ilipokwisha kuondoka ndipo alipoigeuza, akasoma herufi ndogo. Mwisho wake Gulwe.