Ombi la Kumfuta Mume Wangu Katika Daftari la Warushaji Ndege

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Warushaji wa Ndege Ndogo za Rimoti.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wagonjwa wako wa meno. Mimi ni mshona mapazia, mke wa yule fundi saa mstaafu ambaye ninyi mnamwita Kapteni. Mtu huyu hajawahi kupanda ndege hata ya bure, lakini cheo mmempa, naye anakivaa mpaka chumbani. Nakuandikia kwa heshima zote na bila hasira, ingawa kalamu imekwisha kutoboa karatasi mara mbili, kuomba jina lake lifutwe chamani kabla ya Jumamosi ijayo. Sababu zangu ni hizi:

1. Meza. Bawa la ndege yake lina urefu wa mita moja na sentimita themanini. Meza yetu ya chakula nayo ni hivyo hivyo. Yeye aliona ni bahati. Bawa likalazwa pale ili gundi ikauke, na huu ni mwezi wa nane tunakula tumepakata sahani. Wageni nao hupakata. Wifi yangu, yaani dada yake wa tumbo moja, alipoweka kiwiko tu pembeni ya meza aliambiwa, "Dada, kiwiko!" kwa sauti ambayo sikujua kama mume wangu anayo.

2. Sufuria. Nimeelezwa kwamba betri za ndege zina hasira za karibu, na ukizichaji ovyo zinashika moto. Sawa. Kwa hiyo anazichaji ndani ya sufuria yangu kubwa, ile ya shughuli, kwenye sakafu ya jikoni, naye amekaa juu ya kigoda akizilinda mpaka zijae. Ndugu Mwenyekiti, mwaka jana nililala na homa siku nne. Sikuona kigoda.

3. Mzani. Ndege inatakiwa iwe nyepesi, basi kila kitu ndani ya nyumba kinapimwa: skrubu, rangi, hata gundi kabla na baada ya kukauka. Kisha inatakiwa, ukiiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa, ikae sawa, isizame pua wala mkia. Tangu ajifunze jambo hilo anainua kila kitu kwa vidole viwili. Ameinua sinia la chai, na zulia langu ni shahidi. Ameinua mkoba wangu mbele ya mteja, akatingisha kichwa na kutangaza, "Mkia mzito," bila kufafanua wa nani. Mteja yule aliaga kabla hatujapanga siku ya kwenda kumpimia madirisha.

4. Kitambaa. Bawa limevishwa kitambaa changu cha bitana, chepesi, laini, nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mapazia ya ukumbi. Nakiri nilikishona mimi mwenyewe. Mishono aliyoanza nayo yeye ilikuwa ya aibu, na sikutaka kitu kipite juu ya vichwa vya watu kikiwa na mishono ile halafu waseme kwa huyo bwana kuna mke mshonaji.

5. Upepo. Zamani tulikuwa tunatoka nyumbani tukishavaa. Siku hizi anasimama mlangoni kwanza na uzi uliofungwa kwenye kijiti, anautazama, anaguna. Tumechelewa harusi ya mpwa wangu kwa sababu ya upepo wa ubavuni. Tulikuwa tunakwenda kwa miguu.

6. Bibie. Ndilo jina la ndege. Anaiambia pole ikigonga mlango. Anaifunika shuka. Mimi sina wivu na mbao, ila ningependa ijulikane.

7. Usafi. Nilichoka kuishi katika vumbi la msasa, nikasafisha meza yote mwenyewe, Ijumaa iliyopita, yeye akiwa kwa kinyozi. Nilipanga bisibisi kwa urefu, nyaya nikazifunga kwa utepe, nikaifuta rimoti mpaka ikang'aa. Hata vile vitufe vinne vidogo vya chini ya rimoti nilivishughulikia. Vitatu vilikuwa vimetazama juu na kimoja chini, kama jino lililoota vibaya, jambo ambalo wewe hasa utalielewa. Nikakisukuma kwa ukucha, vikakaa mstari mmoja. Unadhani nilipata asante? Aliuliza tu msasa namba mia mbili uko wapi.

8. Ajali. Hili ndilo kubwa, na ninyi mlikuwepo. Jumamosi iliyopita nilimsindikiza uwanjani kwa mara ya kwanza, nikakaa kwenye kiti cha kukunja na saa mkononi, kwa sababu wifi alikuwa akitusubiri tangu saa sita. Kapteni wenu, kama kawaida yake, alitaka kuanza kuchezesha vibawa vya pembeni, kimoja juu, kingine chini, kulia, kushoto, mchezo ambao nyumbani humchukua robo saa. Nikamhimiza mara tatu. Mara ya tatu nilisema, "Baba, ama irushe ama tuondoke," na wanachama wakacheka. Akairusha.

Ilipanda vizuri, nisiwe mwongo. Kisha ikalalia kushoto. Nilimwona akivuta kulia. Ikazidi kushoto. Akavuta kulia zaidi, ikageuka tumbo juu, ikaja moja kwa moja kwenye hema la chama na kuangukia sanduku la soda. Miezi minane iliisha kwa muda wa kupiga chafya. Watu walitoa macho. Mmoja wenu alisema, nami nilimsikia, kwamba mzee sasa akae nyumbani, mikono imechoka.

Hoja yangu, Ndugu Mwenyekiti, inajipanga yenyewe. Mtu asiyejua kulia na kushoto hafai kurusha ndege. Asiyefaa kurusha ndege hana haja ya mabawa. Asiye na haja ya mabawa hana haja ya meza yangu. Naye mwenyewe amekubali: alirudi nyumbani, akaweka rimoti kabatini, akasema, "Mama, mikono imekwisha," na tangu hapo hajagusa bisibisi. Saa ya ukutani imesimama siku ya tatu leo na hajainua hata macho. Meza ni tupu. Tunakula vizuri.

Kwa hiyo naomba jina lifutwe, cheo kirudishwe, na rimoti, ambayo nitaifunga pamoja na barua hii, itunzwe kwenu chini ya kufuli asije akashawishika tena.

Wasalimie wanachama wote, pamoja na yule mwenye maoni juu ya mikono. Msalimie pia mwenye soda.

Wako katika kutafuta pa kuweka sahani,
Mke wa Kapteni (wa zamani)

Nyongeza: Rimoti siileti. Nilipoigeuza ili niifunge nimeona chini yake kipande cha karatasi kilichobandikwa, kwa mwandiko wake ule mdogo wa kuandikia ndani ya vifuniko vya saa: "Kitufe cha tatu kikae CHINI. Ndicho kinachofanya kulia iwe kulia. Usikiguse." Nimekisoma mara nne. Kumbe hakukosea. Mikono ile imefungua saa za watu miaka arobaini, na Jumamosi ilivuta kulia sawasawa; mimi ndiye niliyegeuza kulia kuwa kushoto, kwa ukucha huu huu, kisha nikamnyima ile robo saa ya kuchezesha vibawa, ambamo angeligundua kosa.

Naona haya mpaka masikioni. Ilinipasa niichane barua, lakini yeye aliaibishwa mbele ya wote, basi naomba isomwe mbele ya wote, tangu namba moja mpaka hapa, bila kuruka kitu. Malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la sufuria. Ndani ya bahasha nimeweka kipande cha pangaboi la puani mwa Bibie, lililovunjika. Nisaidieni kupata la kipimo hicho. Kitambaa cha bawa jipya nimekwisha kukata.

Bado sijamwambia. Yuko sebuleni, mikono ameiweka magotini, anaitazama. Kitufe cha tatu nimekiacha kama nilivyokiweka, kimetazama juu, ili akione kwa macho yake na akishushe mwenyewe. Naenda.