Basili Hataki Kitu

Ilikuwa Jumatatu, saa ambayo watu wa kazi wako kazini, ndiyo maana Basili alikuwa barabarani. Alisimama mkabala na hekalu la Wahindi pale Moshi mjini, anatafuna muwa, alipomwona Mama Kokila, mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akimlisha ng'ombe wa kupita sukari guru kwa mkono wake mwenyewe. Mlinzi wa getini alimweleza Basili kwamba mama huyo, kwa imani yake, humheshimu ng'ombe kama mzazi, na mwaka jana alimkomboa mmoja aliyekuwa akipelekwa machinjioni kwa bahasha nene hivi. Basili akaacha kutafuna.

Ng'ombe hakuwa naye, ila mama mkwe alikuwa naye. Bibi Elisifa wa Shirimatunda alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, jina lake Neema, na kwa huyo ndiko kulikotoka chumvi, sabuni na sadaka ya Jumapili. Basili akaomba ampeleke Neema kwa dume zuri. Bibi akakubali shingo upande.

"Jioni nakamua," akasema. "Nisipomwona Neema zizini, na Beatha usimwone kwako."

Beatha ndiye mke wa Basili.

Njiani Basili alijitegea kitendawili, maana mwenye akili hupenda kuzungumza na mwenzake. Ukikikataa mara moja unabembelezwa, ukikikataa mara mbili unashikwa mkono, ukikikataa mara tatu kinatiwa mfukoni mwako. Akajitegulia mwenyewe: bahasha.

Alimkuta Mama Kokila uani mwa hekalu, akamwamkia shikamoo, kisha akashusha pumzi ya mtu aliyefiwa. Akaeleza alivyomkuta ng'ombe huyu mikononi mwa wachinjaji, akauza baiskeli yake ili amkomboe, na sasa amemleta kwa Mungu. Mahesabu yake yalikuwa kwamba mjini hakuna zizi. Ataambiwa rudi naye, baba, mtunze, na hii hapa pesa ya pumba.

"Wewe unataka nini?" akauliza Mama Kokila.

"Sitaki kitu, mama."

"Hata nauli?"

"Hata nauli."

"Hata asante?"

Hapo Basili akanogewa. "Nimtolee Mungu halafu nishukuriwe mimi? Hapana, mama."

Mama Kokila alikuwa ameshatoa bahasha. Akaitazama, akairudisha kwenye mkoba.

"Mimi nikitoa, mwanangu, jina langu linaandikwa ukutani, na mimi hupita kulisoma. Kutoa bila kutaka hata asante nimefundishwa tangu utoto, bado sijaweza. Nikikupa chochote nitakuharibia."

Neema akavishwa shada la maua, akapakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso, akafungwa kivulini na beseni la pumba mbele yake.

Kwetu mgeni akisema ameshiba ndipo sahani inaongezwa. Basili hakuwahi kukutana na mtu wa kumwamini mgeni.

Saa kumi ikagonga. Alizunguka hekalu mara tatu akitafuta la kusema. Waumini wakadhani amebadili dini. Mwishowe akarudi, akasema amekumbuka mjane mmoja fukara wa Shirimatunda, ingefaa ng'ombe apewe yeye. Anaitwa Elisifa.

"Elisifa anayeniletea maziwa kila asubuhi?"

Mama Kokila akamtazama Neema, kisha akamtazama Basili, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Vizuri. Lakini ng'ombe wa sadaka hatolewi bila chakula chake, na mtoaji ni wewe. Majani utakata wewe, kila siku, mpaka mmoja wenu afe. Na usitake kitu."

Basili akaapa mbele ya watu wote wa hekalu. Angefanyaje?

Pikapu ya duka la Mama Kokila iliwafikisha Shirimatunda, Bibi Elisifa akiwa ameshashika ndoo. Akamwona ng'ombe wake kavaa maua kama bibi harusi, na mkwewe nyuma kashikilia mkia. Mama Kokila akamsimulia yote, kuanzia baiskeli hadi kiapo, sura kavu kabisa.

Basili akakimbilia ua wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, akachuma jani la isale, lile la kuombea msamaha, ambalo Mchagga akiletewa hawezi kulikataa. Akalishika kwa mikono miwili, akapiga magoti.

Bibi Elisifa akalipokea.

"Nimekusamehe, baba," akasema, akimkabidhi mundu. "Majani ya karibu nimeshayamaliza mimi. Mazuri yako kule mbali, Chekereni."